Barbara Kimenye: Mwandishi aliyewafungulia shule watukutu wa Afrika Mashariki

Wengi waliosoma katika shule za Kenya na Uganda katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka shule moja ambayo hawakuwahi kukanyaga. Inaitwa Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen, yaani Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Jina ni kubwa, lakini ni kejeli tupu. Wanafunzi wake ni wavulana waliofukuzwa au kukataliwa na shule nyingine, na uungwana ndicho kitu cha mwisho ambacho mgeni angetarajia kukikuta ndani ya uzio wake.

Mwanafunzi mashuhuri zaidi wa shule hiyo ni Moses, mvulana asiye na ubaya moyoni lakini asiyeweza kukaa mbali na matata. Pamoja na wenzake wenye majina ya utani kama King Kong na Itchy Fingers, alipita mikononi mwa watoto wa kizazi kizima. Jina la mwandishi lilikuwa pale pale kwenye jalada, Barbara Kimenye, nalo halikumshangaza mtu. Lilisikika kama jina la mwanamke wa kando ya Ziwa Victoria, na kwa namna fulani ndivyo alivyokuwa.

Kimenye aliandika vitabu zaidi ya 50, na nakala zilizouzwa zilipita milioni moja, si katika Afrika Mashariki pekee bali pia katika nchi nyingine za Afrika zinazotumia Kiingereza. Alifariki dunia London mwezi Agosti mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 82. Hata hivyo, katika mijadala ya fasihi ya ukanda huu jina lake hutajwa kwa kupitiwa tu, aghalabu katika orodha ya waandishi wa kike wa mwanzo, kisha mazungumzo yakaendelea na wengine.

Kutoka Halifax hadi Bukoba

Alizaliwa mwaka 1929 mjini Halifax, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi aliyeingia dini ya Kikatoliki. Alisoma katika shule ya wasichana ya Keighley, mji wa viwanda vya sufu usio mbali na hapo, kisha akaenda London kujifunza uuguzi.

London ya miaka ile ilikuwa njia panda. Vijana kutoka makoloni ya Uingereza walikwenda huko kusoma sheria, udaktari na uchumi, na wengi wao walirudi nyumbani kuwa viongozi wa mataifa mapya. Barbara alifahamiana na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, na miongoni mwao akaolewa na kijana kutoka Bukoba, mtoto wa chifu. Katikati ya miaka ya 1950 wawili hao walihamia Bukoba, Tanganyika. Kwa hiyo mwandishi ambaye Uganda na Kenya zinamhesabu kuwa wao aliingia Afrika Mashariki kupitia ardhi ambayo leo ni ya Tanzania.

Ndoa haikudumu. Ilipovunjika hakurudi Uingereza. Alichukua wanawe wawili wadogo akavuka kwenda Kampala, walikokuwa baadhi ya marafiki zake wa London. Kijiografia na kiutamaduni haikuwa safari ndefu. Kagera na Buganda zimepakana kwenye ufuo uleule wa ziwa. Pande zote mbili ni nchi za migomba na kahawa, zenye lugha za jamii moja na historia ya falme. Mtu aliyekwisha kuzoea adabu za Bukoba hakuwa mgeni kabisa alipofika Mengo.

Na ni Mengo hasa alikofika. Alipata kazi ya ukatibu katika serikali ya Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, mfalme ambaye serikali ya kikoloni ilimpeleka uhamishoni Uingereza mwaka 1953 na kulazimika kumrudisha mwaka 1955 baada ya Waganda kukataa kunyamaza. Baadaye aliingia katika uandishi wa habari, akifanya kazi katika gazeti la Uganda Nation. Kazi hizo mbili, ya kasri na ya gazeti, zilimpa kile ambacho mwandishi wa vichekesho hawezi kukikosa: nafasi ya kuwatazama watu wenye vyeo wanapodhani hakuna anayewatazama.

Kijiji cha Kalasanda

Kitabu chake cha kwanza hakikuwa cha watoto. Kalasanda, mkusanyiko wa hadithi fupi kuhusu kijiji cha kubuni cha Buganda, kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1965. Mwaka uliofuata kikatoka Kalasanda Revisited. Kwa kulinganisha, riwaya ya kwanza ya Grace Ogot wa Kenya, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966, na mwaka huohuo ndipo Flora Nwapa wa Nigeria alipochapisha Efuru. Kimenye yumo basi katika safu ya mbele kabisa ya wanawake wa Afrika waliochapisha hadithi kwa Kiingereza, ingawa si mara nyingi anatajwa hivyo.

Hadithi inayojulikana zaidi katika mkusanyiko huo ni The Winner. Mzee Pius Ndawula, anayeishi maisha ya kimya jirani na kaburi la kifalme analolitunza, anashinda fedha nyingi katika mchezo wa kubashiri matokeo ya mechi za kandanda. Kabla hajajua la kufanya, nyumba imejaa: ndugu wa karibu, ndugu wa mbali, ndugu ambao hajawahi kuwasikia, waandishi wa habari, na washauri wa kila aina wanaojua zaidi yake namna fedha hizo zinavyopaswa kutumika. Hakuna mwovu katika hadithi hiyo. Kuna jamaa tu, na kila mmoja ana hoja yake. Msomaji yeyote wa pwani au bara aliyewahi kuona nyumba ya mtu aliyepata bahati anaitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Ulikuwa uamuzi usio wa kawaida. Wakati huo fasihi ya Kiafrika ilikuwa imebeba mzigo mkubwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametoa Weep Not, Child mwaka 1964, akiandika juu ya ardhi na vita vya Mau Mau. Okot p'Bitek alikuwa karibu kutoa Song of Lawino, akiuliza Mwafrika aliyesoma amebakiza nini cha kwao. Katikati ya maswali hayo mazito, Kimenye aliandika juu ya umbea wa kijijini, wivu wa akina mama wa kanisa na mzee aliyechoshwa na wageni. Wahakiki walioitafuta siasa hawakuiona.

Lakini siasa ilikuwapo. Ilijificha katika tarehe. Mwezi Mei mwaka 1966, mwaka uleule ulipotoka Kalasanda Revisited, majeshi ya Milton Obote yalivamia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa alikimbilia Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ilizifuta falme zote za Uganda, na ilichukua hadi mwaka 1993 kwa Buganda kumpata tena Kabaka. Mzee anayelinda kaburi la kifalme, machifu wadogo na adabu zao, heshima zinazopanda na kushuka kutoka Mengo hadi kijijini: ulimwengu ambao Kimenye aliuchekea kwa upendo ulivunjwa karibu wakati uleule wino ulipokuwa ukikauka.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Mwaka 1965 alihamia Nairobi, akafanya kazi katika gazeti la Daily Nation na baadaye East African Standard. Ni akiwa Nairobi ndipo mfululizo wa Moses ulipoanza kutoka, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kicheko juu ya jambo lisilochekesha

Ili kuelewa kwa nini vitabu hivyo vilipendwa kiasi kile, ni lazima kukumbuka shule ilikuwa nini wakati huo. Mataifa yalikuwa yamepata uhuru jana na juzi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno ikilinganishwa na watoto waliozitaka, na cheti kilikuwa daraja la pekee la kutoka shambani kwenda ofisini. Familia iliuza kahawa, ng'ombe au kipande cha ardhi ili mtoto mmoja avuke. Katika hali hiyo kufukuzwa shule halikuwa kosa la utotoni tu. Ilikuwa ni kuanguka kwa ukoo mzima, mbele ya majirani.

Kimenye aliichukua hofu hiyo hasa, akaijengea bweni. Je, wale waliofukuzwa huenda wapi? Kwake jibu lilikuwa kwamba huenda kwa Bwana Mukibi, kama ada ipo. Shule hiyo haina sifa, haina matokeo ya kujivunia, na mwenye shule anajua fika kwamba wazazi hawana pengine pa kuwapeleka watoto wao. Wavulana nao wanajua kwamba baada ya hapo hakuna shule nyingine. Kila ujanja wa Moses una ukingo wake: akizidisha, ameporomoka moja kwa moja. Msomaji mdogo hucheka, lakini anajua vizuri anachokicheka.

Jina la shule nalo lilikuwa na shabaha. Katika enzi za ukoloni, shule kadhaa bora za ukanda huu zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa watawala na watu wa tabaka la juu. King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906 karibu na Kampala, iliwalea wana wa wakuu wa Buganda, Mutesa mwenyewe akiwa mmojawapo. Shule ya Tabora nchini Tanganyika nayo mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Kimenye, aliyeolewa katika nyumba ya chifu na kufanya kazi Mengo, aliwajua vyema waungwana waliotoka katika shule za namna hiyo. Kuwaita watukutu wa Mukibi “wana wa waungwana” ulikuwa mzaha ambao watoto waliusoma kama mchezo na wakubwa kama kijembe.

Jambo jingine ni kile ambacho watoto hao walikuwa wakisoma kabla yake. Maktaba za shule zilikuwa na vitabu vya Uingereza, hasa vya Enid Blyton, ambamo watoto hunywa chai bustanini, hucheza kwenye theluji na kuwafichua wahalifu katika mapango ya pwani. Vilipendwa, na hakuna sababu ya kukana hilo. Lakini vilimfundisha msomaji kwamba visa hutokea kwingine, kwa watoto wengine. Kimenye aliyejilea katika vitabu vya Kiingereza aliujua muundo wa hadithi za shule ya bweni: genge la marafiki, mwalimu mkali, njama inayoharibika usiku. Aliuchukua muundo huo mzima, akauondolea theluji, akawapa wahusika majina, barabara na mabasi ambayo msomaji wake aliyajua.

Majina ya vitabu yanatosha kuonyesha upana wa visa: Moses and the Kidnappers una watekaji nyara, Moses and the Ghost una mzimu, Moses and the Penpal una rafiki wa barua, Moses the Camper unawapeleka wavulana kambini. Kila kitabu ni chembamba, kinasomeka kwa siku moja au mbili, na lugha yake ni Kiingereza chepesi kisichomdharau msomaji. Mwalimu aliweza kukiweka katika sanduku la vitabu vya darasa bila wasiwasi, ijapokuwa mhusika mkuu hakuwa mfano wa kuigwa. Hapo ndipo Kimenye alipowazidi wengi walioandikia watoto katika kipindi hicho. Vitabu vingi vya shule vilikuwa na funzo lililosubiri ukurasa wa mwisho kama mtoza ushuru mlangoni. Vyake vilimwacha msomaji aondoke bila kulipa.

Kasoro pia zipo. Ulimwengu wa Mukibi ni wa wavulana, na wasichana waliousoma, nao walikuwa wengi, walilazimika kujipenyeza wenyewe. Wapo pia wanaoona kwamba adhabu na ukali wa walimu vimefanywa vichekesho kupita kiasi. Hoja hiyo ina uzito zaidi leo kuliko ilivyokuwa wakati ambapo kiboko kilikuwa sehemu ya ratiba.

Kwa nini Tanzania ilimsoma kidogo

Kwa msomaji wa Tanzania huenda yote haya ni mapya, na sababu yake ni sera ya lugha zaidi ya mipaka. Mwaka 1967, wakati Moses alipokuwa akianza kuzunguka katika madarasa ya Kenya na Uganda, Tanzania iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa kwa taifa na kwa lugha yenyewe. Lakini ulimaanisha pia kwamba mtoto wa miaka 11 wa Bukoba na mwenzake wa Masaka, wanaotenganishwa na mwendo wa saa chache barabarani, hawakushika tena kitabu kimoja. Kitabu cha hadithi cha Kiingereza kilibaki kuwa cha sekondari, ambako msomaji amekwisha kuwa mkubwa kidogo kwa visa vya bweni la Mukibi.

Uganda nayo ilipata mkosi wa aina nyingine. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, uchumi uliporomoka, na vitabu vikawa miongoni mwa bidhaa zilizoadimika. Nairobi ndiyo iliyobaki kuwa kituo cha uchapishaji cha ukanda huu. Hiyo ni sababu mojawapo ya Wakenya wengi kuamini kwamba Moses ni wao, japokuwa alizaliwa katika mazingira ya Uganda na mama yake wa kalamu alijihesabu kuwa Mganda.

Kuondoka na kurudi

Katikati ya miaka ya 1970 Kimenye alirudi London. Alifanya kazi katika Halmashauri ya Brent, kaskazini-magharibi mwa jiji, akiwa mshauri wa masuala ya mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali, katika miaka ambayo suala hilo lilikuwa moto nchini Uingereza. Aliendelea kuandika. Januari mwaka 1986 Yoweri Museveni aliposhika madaraka Kampala, Kimenye alifunga mizigo akarejea Uganda na kukaa huko miaka mitatu. Mwaka 1989 alihamia tena Kenya, akaishi huko karibu muongo mzima. Mwaka 1998 alirudi London kwa mara ya mwisho na kukaa Camden hadi alipofariki.

Maisha hayo ya kuvuka mipaka yanaweza kueleza kwa nini hakupata makao katika vitabu vya historia ya fasihi. Mfano wa kumlinganisha naye ni Marjorie Oludhe Macgoye. Naye alizaliwa Uingereza, mwaka 1928, akafika Kenya mwaka 1954, akaolewa na daktari Mjaluo, akawa raia wa Kenya na kuishi huko hadi kifo chake mwaka 2015. Riwaya yake Coming to Birth, ya mwaka 1986, iliingia katika orodha ya vitabu teule vya mtihani wa sekondari nchini Kenya. Macgoye alikaa nchi moja na akaandikia watu wazima. Kimenye alikaa nchi tatu, nne ukihesabu Uingereza, na kazi iliyompa jina aliwaandikia watoto. Kila nchi ilingoja nyingine imdai.

Hilo la pili huenda ndilo zito zaidi. Wahakiki humpima mwandishi kwa tuzo, kwa makala za vyuo vikuu na kwa mitihani. Mwandishi wa watoto hupimwa na jambo lisiloacha karatasi: kitabu kilichopoteza jalada kwa kuazimwa, kilichosomwa kwa tochi chini ya blanketi, kilichogombaniwa hadi kurasa za mwisho zikachanika na wasomaji waliofuata wakalazimika kusimuliwa mwisho wake na wenzao.

Ndoa iliyompeleka Bukoba ilikuwa fupi, lakini jina alilolipata huko hakuliacha. Alilitumia Mengo, akalitumia katika magazeti ya Kampala na Nairobi, na ndilo lililochapwa kwenye Kalasanda na kwenye kila kitabu cha Moses.